Jinsi ya kutafuta wimbi la graviti kwa kompyuta yako mwenyewe

Kama uko na kompyuta na bando kidogo, hii kitu unaweza kuifanya leo usiku hapo kwako Umoja ama Rongai, sababu data ya LIGO, mradi wa Marekani wa kunasa mawimbi haya kwa vituo viwili, Hanford na Livingston, iko wazi na ni ya bure kabisa.

Kwanza ujue mashine ya kila kituo inapima nini: wimbi la graviti, yaani nafasi yenyewe ikivutika na kubanwa kidogo. Ina mikono miwili ya kilomita 4 kila mmoja, imekaa kama herufi L, mwanga wa leza unagawanywa sehemu mbili, unaenda unapiga kioo mwisho wa kila mkono unarudi, na ikikutana tena ile miale inafutana karibu yote. Wimbi la graviti likipita linarefusha mkono mmoja huku linafupisha mwingine, basi miale haifutani vizuri tena na mwanga kidogo unatoka. Badiliko lenyewe ni dogo kuliko protoni, ile chembe ya ndani ya atomu, mara mia kadhaa! Ndiyo maana vioo vya kilo 40 vimening'inizwa kwa nyuzi za glasi ndani ya mabomba yasiyo na hewa, na bado mtikisiko wa nje unaingia kwa data.

Haya, kazi yako sasa. Ingia GWOSC, tovuti inayotoa data ya LIGO kwa umma, utafute GW150914, wimbi la kwanza kabisa kunaswa, tarehe 14 Septemba 2015. Pakua faili mbili za sekunde 32, moja ya Hanford moja ya Livingston, ufungue na Python, lugha ya kuandika programu. Ukichora grafu vile ziko utaona kelele tupu, usikate tamaa. Chuja ubaki na hezi (mitetemo kwa sekunde) 35 hadi 350, halafu ondoa ile kelele inayokaa kwa hezi moja tu kama ya stima, ambayo Marekani iko kwa hezi 60, si 50 kama yetu.

Hapa sasa ndipo utamu uko. Wimbi lilifika Livingston kwanza, Hanford ikalipata milisekunde 7 hivi baadaye, na vituo hivyo vimeachana karibu kilomita 3000. Kwa hivyo rudisha Hanford nyuma hizo milisekunde 7, uzidishe na -1 kwa sababu mikono yao haijaelekea upande mmoja, kisha uchore zote mbili pamoja. Zinalaliana kabisa! Lori likitikisa Livingston haliwezi kuandika mchoro huohuo Hanford. Hayo ni mashimo meusi mawili, moja uzito wa jua 36 hivi lingine 29, yaliyoungana umbali wa miaka ya nuru bilioni 1.3 hivi.

Kama huna kompyuta, fungua Gravity Spy, mradi wa mtandaoni wa watu wa kujitolea, kwa simu, utasaidia kutambua kelele za mashine kwa picha tu.