Jinsi ya kufukua asili ya neno film mpaka kwenye mzizi

Wengi wanaamini neno la Kiingereza film lilizaliwa pamoja na sinema, ndo maana wakitafuta asili yake wanafika miaka ya 1890 wanafunga. Mzizi uko chini zaidi. Mi kufuatilia maneno ni kitu nakipenda sana, basi fanya hivi.

Kwanza, ingia Etymonline, tovuti ya asili ya maneno ya Kiingereza, ni bure na kwa kuanzia inatosha. Maana ya leo achana nayo, shuka mpaka ile ya kale kabisa. Utakuta Kiingereza cha kale kilikuwa na filmen, yaani utando, ngozi nyembamba.

Pili, tafuta ndugu zake, yaani maneno ya lugha nyingine yaliyotoka mzizi mmoja nalo. Wajerumani wana Fell, ngozi ya mnyama, Kilatini kina pellis, ngozi tena. Ndugu wakikubaliana hivo uko njia sahihi.

Tatu, na hapa usiwe na haraka maana ndo penye utamu wote, panga maana kwa miaka halafu kila ikibadilika jiulize ni kitu gani cha kushikika kilichobadilika. Karibu na mwaka 1600 Shakespeare kwenye tamthilia yake ya Hamlet analitumia kwa kidonda kinachoota ngozi juu huku ndani kinaoza. Karne ya 19 wapiga picha wanapaka dawa kwenye kioo, na lile tabaka jembamba linalonasa mwanga nalo likaitwa film, utando uleule umehamia kwenye kioo tu! Mwaka 1889 kampuni ya George Eastman ikaanza kuuza mikanda ya seluloidi, aina ya plastiki, utando ukahama kioo ukakaa kwenye mkanda na jina likauchukua mkanda mzima. Desemba 28, 1895 ndugu wawili wa Lumière wakaonyesha picha zao za sinema Paris kwa watu waliolipa kiingilio, na mwanzoni mwa karne ya 20 jina likaenda mpaka kwenye hadithi yenyewe. Waswahili nao tumepita njia hiyohiyo, mtu akisema jana kaangalia mkanda mkali hazungumzii plastiki.

Ona neno lilivyosogea kidogokidogo. Ukikuta maelezo yanayoruka kutoka ngozi mpaka sinema bila kitu katikati, yatilie shaka.

Nne, jaribu mwenyewe na trela, lile tangazo fupi la filamu. Kwa Kiingereza ni kitu kinachokokotwa nyuma, kama tela la lori, mbona leo linatangulia filamu? Anzia Marekani miaka ya 1910, angalia matangazo hayo yalikuwa yanawekwa mwanzo au mwisho wa onyesho.