Kutafuta Asili ya Mawe Mchanga kwa Umri wa Zirikoni

Aliyezoea majabali ya itale ya Mwanza, yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, akivuka ziwa hadi Bukoba hukuta magenge ya mawe mchanga, na hapo hujiuliza mchanga huo ulimomonyoka kutoka wapi.

Chukua kilo chache za jiwe lisilooza kwa mvua, uliponde taratibu, kisha uuoshe unga wake kwa karai kama wafanyavyo wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Geita: kwatzi, madini meupe yanayounda sehemu kubwa ya mchanga, iliyo nyepesi, hutoka na maji, na chini hubaki mchanga mweusi mzito wenye punje za zirikoni, madini magumu yanayohifadhi umri wake, nyingine zikiwa na rangi ya waridi hafifu. Ondoa chembe za chuma kwa sumaku. Usichague punje nzuri pekee, maana utakuwa umejichagulia jibu. Pima angalau 100 bila kubagua.

Maabara huchoma kila punje kwa leza na kulinganisha kiasi cha urani (uranium) na cha metali ya risasi ndani yake. Zirikoni inapoumbika hupokea urani na kuikataa risasi, kwa hiyo karibu risasi yote iliyomo imetokana na urani, ambayo nusu yake, kwa aina ya 238, hugeuka kuwa risasi katika miaka bilioni 4.47; hivyo risasi ikiwa nyingi kulingana na urani, punje ni kongwe zaidi.

Punje za miaka bilioni 2.6 huelekeza kwenye itale kama za Mwanza. Za bilioni 1.375 huelekeza Karagwe. Punje changa kuliko zote huweka mpaka, kwani jiwe haliwezi kuizidi umri. Punje zilizoviringana sana nazitilia shaka: huenda zimepitia jiwe mchanga jingine kwanza.