Umekula vitu vitano, makundi mawili: jinsi ya kupanga sahani kwa vyakula vyetu vya Kigoma

Juzi nilikuwa harusini Ujiji, nikapakuliwa pilau, pembeni ndizi, tambi za sukari, chipsi kidogo na kipande cha nyama juu, mama mmoja tuliyekaa naye akaniambia "leo tumekula mlo kamili mwanangu, vitu vitano!" Nikacheka tu maana harusini si pa kubishana. Ila pilau, ndizi, tambi na viazi vyote ni wanga, yani ni mtu mmoja kabadilisha nguo mara nne, ukijumlisha na ile nyama unapata makundi mawili basi.

Kwa hiyo kitu cha kwanza, acha kuhesabu vyakula, hesabu makundi. Saivi yanahesabiwa sita (tuliosoma zamani tulikaririshwa pungufu, usishangae): nafaka, mizizi na ndizi za kupika ni moja, mboga, matunda, kunde pamoja na karanga na mbegu, halafu vyakula vya wanyama yani nyama samaki mayai maziwa, na mwisho mafuta. Sukari naiacha, hiyo hakuna Mtanzania anayehitaji kukumbushwa.

Tuanze na wanga maana ndo ugonjwa wetu. Ugali wa muhogo unashibisha kweli na hauna shida, unakupa nguvu ya kulima au kuvuta nyavu, ila protini yake ni kiduchu mno, sasa ukikata mlima wa ugali halafu mboga ni ya kuchovyea tu umejaza tumbo hujajenga mwili. Ukiweza badilisha, leo muhogo kesho dona, maana dona inabaki na pumba na kiini, sembe ile nyeupe pee imeshapoteza vitamini B nyingi mashineni. Kipimo rahisi cha sahani: nusu mboga na matunda, robo wanga, robo iliyobaki maharage au samaki. Najua kwa mtu wa huku kuambiwa ugali robo ni kama matusi, haya anza hata na nusu, halafu punguza taratibu.

Protini sasa, hapa Kigoma tuna raha ambayo wenzetu wanaisafirishia kwa mabasi. Dagaa analiwa mzima na mifupa yake kwa hiyo ukiacha protini unapata na kalsiamu, kitu ambacho minofu ya samaki mgebuka haikupi kwa kiasi hicho. Ukienda kununua Kibirizi au soko la Mwanga uliza walianikwa wapi, wa kwenye chanja ni wasafi, wa mchangani utawajua tu, chota kiganjani sugua kidogo halafu angalia kinachobaki. Bei inapishana lakini mchanga nao unaupimiwa kwenye kisado, fikiria hilo. Na siku dagaa amepanda bei maharage yapo, maharage na ugali wa mahindi vinasaidiana vizuri sana kwa sababu aina ya protini iliyopungua kwenye mahindi ndo maharage yanayo kwa wingi. Kamulia ndimu juu, vitamini C inasaidia mwili kunyonya madini chuma yaliyomo kwenye maharage na majani. Chai ya rangi yenyewe inafanya kinyume, inayazuia, kwa hiyo usiinywe na chakula, subiri kama saa moja hivi.

Kama una mtoto aliyefikisha miezi 6 (kabla ya hapo ni maziwa ya mama tu), osha dagaa, kausha tena, twanga, chekecha, kijiko kimoja kwenye uji wake kila siku. Ule unga wa "lishe" wa nafaka saba usikutishe, mahindi, mtama, ulezi, mchele na ngano bado ni kundi lile lile la harusini. Na karanga usizisagishe pamoja na nafaka ukaweka unga mwezi mzima, zinachacha na pia zinaweza kuota sumukuvu, yani sumu ya ukungu, saga kidogo kidogo utie wakati wa kupika.

Mawese nayo, jamani. Ile rangi nyekundu ndo yenyewe, ndo inayogeuka vitamini A mwilini ya kusaidia macho na kinga. Sasa kuna watu, na mimi nilikuwa mmoja wao mpaka juzi juzi, wanabandika mawese jikoni yanafuka moshi mpaka nyumba nzima inakohoa, yanabaki meupe kama maji ndo wanatia kitunguu eti yasinuke. Hapo umeshaunguza kile ulichokilipia, umebakiza mafuta matupu. Pasha kiasi, kitunguu kikianza kulia tu inatosha. Na usimimine kama unapaka ukuta, mafuta haya yana ile aina inayoganda na ikizidi si rafiki wa moyo, vijiko viwili vitatu kwa sufuria ya familia vinatosha.

Matunda sina maneno mengi, msimu wa maembe kula embe, msimu ukipita papai, lipo mwaka mzima. Juisi ya paketi usiihesabu.

Ila ukitaka chungu kimoja kikumalizie kazi, pika sombe. Majani ya muhogo yatwangwe haswa, yachemke muda mrefu bila mfuniko, maana mabichi yana sumu na kutwanga na kuchemsha ndo kunaitoa, usije ukafanya haraka haraka kama mchicha. Yakilainika tia karanga zilizotwangwa, dagaa waliooshwa, mawese mwishoni. Hesabu: mboga, karanga, dagaa, mafuta, makundi manne kwenye sufuria moja na hujaingia buchani. Ugali pembeni la tano, kipande cha papai la sita.

Ndo tunachokula leo kwangu, sombe ipo jikoni toka saa kumi. Chai wameshaambiwa ni saa tatu, mzee wa nyumba kanuna.