Kupiga picha za mwezi na nyota: mambo ya kuanza nayo

Ukielekeza kamera kwenye mwezi na kuiacha ijichagulie kila kitu, utapata duara jeupe lisilo na alama hata moja. Kamera haijaharibika. Imeona giza jingi kuuzunguka mwezi, ikadhani picha nzima ina upungufu wa mwanga, ikaongeza mwanga mpaka mwezi ukaungua. Mwezi ni jiwe linalopigwa na jua, kwa hiyo hupigwa picha kama mwamba wa mchana. Nyota hutaka kinyume chake. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua karibu kila namba utakayoweka, na ndiyo sababu mipangilio ya mmoja huharibu picha ya mwingine.

Mwezi

Weka kamera kwenye modi ya M, inayokuachia uchague kila kitu mwenyewe. Mwezi ukiwa mpevu, anza na ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 100, tundu la lenzi f/11 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu huwa pana) na shata, yaani muda wa kuingiza mwanga, ya 1/100 ya sekunde. Ukipandisha ISO iwe 200, shata nayo iwe 1/200. Nusu mwezi una mwanga hafifu kuliko macho yanavyoona, basi fungua tundu hadi f/5.6; kwa hilali, f/4. Hizo ni namba za kuanzia tu. Piga moja, ikuze kwenye kioo cha kamera, utazame sehemu zinazong'aa zaidi. Zikiwa nyeupe tupu, ongeza kasi ya shata. Picha iliyo na giza kidogo hurekebishika baadaye, iliyoungua hairekebishiki.

Mwezi ni mdogo kuliko unavyouona. Gawanya urefu wa lenzi kwa 110, utapata upana wa mwezi kwenye sensa, ile sehemu ya kamera inayopokea mwanga: lenzi ya mm 50 huchora mwezi usiofika hata nusu milimita, ya mm 200 karibu milimita 2, ya mm 600 milimita 5 na nusu hivi. Ukitaka kuona kasoko, yaani mashimo ya mwezini, tafuta lenzi ya mm 300 kwenda juu, kisha ukate picha baadaye.

Wengi husubiri mwezi mpevu, na huo ndio usiku mgumu kuliko yote kwa anayetaka kuona umbo la ardhi ya mwezi. Jua huwa linaupiga usoni moja kwa moja, vivuli vinatoweka, kila kitu kinaonekana bapa. Piga siku za karibu na nusu mwezi. Tazama ule mstari ambapo mwanga unakutana na giza: kuta za kasoko hutupa vivuli virefu, na vilele vya milima hung'aa peke yake ndani ya giza. Siku moja au mbili baada ya nusu ya kwanza, kasoko ya Copernicus huwa karibu na mstari huo na huonekana vizuri sana. Mwezi mpevu uuache kwa ile miale meupe inayotoka kwenye kasoko ya Tycho.

Picha ikitoka na ukungu, kwanza shuku mtikisiko. Tumia stendi ya miguu mitatu, zima kitulizi cha lenzi, weka taima ya sekunde 2 ili kidole chako kiwe kimeshaondoka shata inapofunguka. Kama bado, huenda ni hewa: mwezi ukiwa chini karibu na upeo, mwanga wake hupita kwenye hewa nzito inayochemka, na hakuna lenzi inayoshinda hilo. Ngoja upande. Epuka pia kupiga juu ya paa la bati au lami iliyoshinda juani.

Kuupata mwezi pamoja na mandhari ni suala la saa. Usiku wa manane haiwezekani kwa picha moja, kwa sababu mwezi na miti vinatofautiana mno kwa mwanga. Jaribu jioni ya kuamkia mwezi mpevu. Mwezi huchomoza kabla ya jua kuzama au karibu na hapo, na nchi bado ina mwanga wa kutosha kulingana nao. Siku inayofuata huchelewa kwa takriban dakika 50, na nafasi hiyo imepita.

Kwa simu, gusa mwezi kwenye kioo, shikilia mpaka fokasi ijifunge, kisha shusha mwanga kwa kuburuta kidole chini. Usikuze kwa dijitali. Ni afadhali uilaze lenzi ya simu kwenye jicho la darubini, hata ya mkononi, mradi imefungwa imara.

Nyota

Hapa fungua kila kitu: lenzi pana ya mm 14 hadi 24, f/2.8 au namba ya f iliyo ndogo zaidi uliyo nayo, ISO 1600 hadi 3200. Muda wa shata hupatikana kwa kugawanya 500 kwa urefu wa lenzi. Lenzi ya mm 24 kwenye sensa kubwa (full frame) hukupa sekunde 20. Kama sensa yako ni ndogo (APS-C), zidisha urefu wa lenzi kwa 1.5 kwanza. Ukizidisha muda, nyota hugeuka vistari, kwa sababu dunia inazunguka. Kwenye kamera zenye pikseli nyingi tumia 300 badala ya 500.

Fokasi ndiyo inayowaangusha wengi, kwani fokasi ya kujiendesha haioni nyota, na alama ya umbali usio na ukomo (∞) kwenye lenzi mara nyingi si sahihi. Weka fokasi ya mkono, tafuta nyota angavu ya Shira (Sirius) au sayari ya Mshtarii, uikuze mara 10 kwenye kioo. Utaona duara pana lenye ukungu. Zungusha pete ya fokasi polepole sana: duara litasinyaa, nyota hafifu zitaanza kujitokeza pembeni, kisha ile angavu itakuwa nukta kali. Endelea kidogo, itaanza kupanuka tena. Rudi nyuma pale ilipokuwa ndogo kabisa. Bandika pete kwa utepe. Baridi ikizidi, hakiki upya, maana lenzi husogea.

Chagua siku chache kabla na baada ya mwezi mwandamo, mbali na taa za mji. Kitovu cha Njia Nyeupe, ule mkanda wa nyota uvukao anga, kiko upande wa kundinyota Mshale (Sagittarius), na jioni za Juni hadi Septemba ndizo zinazokionyesha vyema. Yape macho dakika 20 hadi 30 yazoee giza, na utumie taa nyekundu.

Nyota zikififia ghafla katikati ya usiku, mulika kioo cha lenzi: umande umetanda. Kuufuta hakusaidii, unarudi. Funga kifuko cha joto kuzunguka lenzi tangu mwanzo. Chukua betri ya pili, kwani baridi huimaliza ya kwanza upesi.

Hifadhi katika RAW, faili ghafi la kamera, na mizani ya rangi (white balance) ianzie karibu na kelvini 4000. Chembechembe zikizidi, piga picha 10 hadi 20 zenye mipangilio ileile uziunganishe kwa programu ya bure kama Sequator. Itazipanga nyota juu ya nyota, na chembe zitapungua bila kugusa ISO.