Laptopu ya nyumbani: fanya haya kabla watoto hawajaigusa

Wengi wetu tunanunua laptopu ya mtumba, iwe Kariakoo au kwa mtu, ukifika nayo nyumbani watoto wameshaizunguka, mara mmoja kachomeka flashi ya nyimbo basi tena. Wasubirishe siku moja tu jamani. Mimi ni fundi, na mashine nyingi ninazoletewa ziliharibikia wiki ileile ya kwanza.

Hatua ya 1: piga Windows upya (yaani futa ya zamani, weka mpya)
Hata kama muuzaji kakwambia iko safi, we piga tu. Ila kwanza bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika tpm.msc (inakuonyesha toleo la TPM, chipu ya usalama ya mashine), ikisoma 2.0 na RAM ni 4GB kwenda juu na prosesa ya Intel ni ya kizazi cha 8 au baada ya hapo, kwa kawaida Windows 11 inakubali. Microsoft walisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025 kwa hiyo usirudi huko kama mashine inaweza. Danlodi kwenye tovuti yao wenyewe, weka kwenye flashi ya 8GB, ukifika kwenye partisheni (vile vipande diski iliyogawanywa) futa zote (kama kuna vitu vyako vihamishe kabla). Ikiomba namba ya leseni ruka, mashine iliyokuwa na Windows halali huwa inajitambua yenyewe ikishaingia mtandaoni. Ile ya kukraki (iliyovunjwa leseni) achana nayo kabisa, mara nyingi wanakuambia uzime antivairasi kwanza, sasa hapo mwizi umemfungulia mlango mwenyewe.

Hatua ya 2: apdeti
Zote, mpaka ziishe. Zinakula GB kadhaa so nunua bando la usiku ulale. Antivairasi inayokuja na Windows inatosha kwa nyumbani, usirundike mbili.

Hatua ya 3: akaunti, hapa ndo penyewe
Akaunti ya kwanza kufungua ndo admini (yenye ruhusa ya kubadilisha kila kitu), hiyo iweke pembeni, paswedi ujue wewe na mwenzio tu. Halafu fungua akaunti ya kawaida kwa kila mtu, na wewe pia. Mtoto akitaka kuingiza gemu la ajabu linalogusa mfumo, mashine inadai paswedi ya admini, anakuja "baba niwekee", hapo unakaa naye mnaangalia pamoja. Dada yangu alikuwa anatumia akaunti moja na mwanae, dogo akafungua gemu lililokrakiwa, mafaili yote yakafungwa na wakadaiwa hela, picha za marehemu mama zilikuwa humo na hatukuzipata tena mpaka leo, inaniuma.

Hatua ya 4: DNS
DNS ndo inayoipa mashine anwani ya kila tovuti unayofungua. Kwenye setingi za wifi ibadilishe uweke 1.1.1.3 na 1.0.0.3, ni za Cloudflare, bure, zinazuia tovuti nyingi za ngono na za vairasi. Mwenye akaunti ya kawaida hawezi kuzibadilisha kwenye setingi, ndo maana hatua ya 3 inatangulia.

Hatua ya 5: flashi
Zima otoplei (flashi kujifungua yenyewe ukiichomeka), afu ruhusu majina ya mafaili yaonekane mpaka mwisho. Ukiona picha inaishia na .exe hiyo sio picha, usiifungue.

Hatua ya 6: bakapu (nakala ya akiba)
Nunua hard disk ya nje, kopi picha na vyeti kila mwisho wa mwezi, ukimaliza ICHOMOE uiweke kabatini, maana ikibaki imechomekwa vairasi anafika na huko.

Sasa waite watoto, kila mmoja achague picha ya akaunti yake. Wangu waligombania simba nusu saa nzima.