Melatonini sio ya usingizi tu
Wale mnaonunua serumu za ngozi kila mwezi hebu sikieni hii, ile homoni ya usingizi melatonini ngozi yenyewe nayo huwa inaitengeneza, inasaidia kupunguza uharibifu wa seli ukipigwa na jua. Na aliyeigundua 1958, Aaron Lerner wa Chuo Kikuu cha Yale kule Marekani, alikuwa daktari wa ngozi bwana, wala hakuwa anatafuta dawa ya usingizi! Ubongo unaitoa kukiwa giza, sasa wewe saa sita usiku taa inawaka na simu imekaribia kugusa pua, itatoka saa ngapi? Kuna na krimu zake, ila paka kabla hujatoka juani maana ukishaungua haisaidii sana, na losheni ya kukinga jua usiiache.