Kupangia shamba la miti kwa Taskwarrior: weka utegemezi kwanza, tarehe baadaye

Taskwarrior ni programu huria ya kupanga kazi. Huendeshwa kwa amri kwenye terminali (dirisha la kuandika amri), ni nyepesi hata kwa laptopu kuukuu, na haihitaji bando ikishasakinishwa. Kwa mtu anayepanda misindano Mufindi na mtandao wake ni wa kupanda mlimani kuutafuta, hilo si jambo dogo.

Kwenye Linux ya Debian au Ubuntu andika `sudo apt install taskwarrior`. Kwenye simu ya Android, ndani ya Termux, programu inayokupa terminali, ni `pkg install taskwarrior`. Amri yenyewe ni `task`. Mara ya kwanza itauliza kama iunde faili la mipangilio `.taskrc`, jibu `yes`.

Mfano wetu ni ekari 5. Nafasi ya mita 3 kwa 3 inakupa miche kama 450 kwa ekari, yaani 2,250. Ongeza ya kurudishia, agiza 2,500. Ingiza kazi hivi, moja moja:

```
task add project:miti.shamba Kupima mistari na kuweka vigingi
task add project:miti.shamba depends:1 Kuchimba mashimo 2250
task add project:miti.miche due:2026-11-20 Kulipia miche 2500
task add project:miti.miche depends:3 Kusafirisha miche
task add project:miti.shamba wait:2026-11-15 Mvua imeloweka udongo
task add project:miti.shamba depends:2,4,5 due:2026-12-10 priority:H Kupanda
```

`project` ni mradi, `due` ni tarehe ya mwisho, `priority:H` ni umuhimu wa juu, na `depends` inataja namba za kazi zinazopaswa kwisha kwanza. Namba hizo zinafuata orodha iliyoanza tupu. Kama tayari una kazi nyingine ndani, tazama namba ambayo programu inakurudishia kila unapoongeza.

Angalia kazi ya tano. Mvua si kazi ya mtu, lakini ndiyo inayoamua siku ya kupanda, kwa hiyo tunaiandika kama kazi na kuifunga, yaani kuiweka kuwa imekwisha, siku udongo ukiwa umelowa chini kabisa ya shimo, si baada ya manyunyu ya kwanza. Hatuipi `due`, maana mvua haina miadi na mtu. `wait` inaificha hadi katikati ya Novemba isikuzibie orodha.

Hapa ndipo wengi hukosea: wanaipa kila kazi tarehe ya mwisho. Wiki ya tatu vibarua wamechelewa, orodha nzima imekuwa nyekundu, na mwenye nayo anaacha kuifungua. Tarehe mpe jambo ambalo mtu mwingine anakudai, kama malipo ya kitalu, au hatua ya mwisho kabisa, kama kupanda. Mengine yafungamanishe kwa `depends`, kisha kila asubuhi uliza:

```
task project:miti ready
```

Mwanzoni utaona mbili tu: vigingi na malipo ya miche. Ukifunga vigingi kwa `task 1 done`, mashimo yanajitokeza yenyewe.

Mpangilio unatokana na alama za uharaka. Kazi inayozuia nyingine inapata 8, `priority:H` inaongeza 6, kuwa ndani ya mradi 1, na kazi iliyozuiwa inapunguziwa 5. Tarehe iliyo mbali zaidi ya wiki mbili inaongeza 2.4 tu, kisha inapanda kadiri siku zinavyokaribia. Ndiyo maana ukiandika haya Septemba, kulipia miche kunapata kama 11.4, na kupanda, pamoja na hiyo H yake yote, kunabaki 4.4. `task 3 information` itakuchambulia hesabu hiyo mstari kwa mstari.

Sasa mitego. Wa kwanza ni wetu wenye Kiswahili. Andika `task add Kung'oa visiki` uone: terminali inakaa kimya na alama ya `>`, kana kwamba imekwama. Haijakwama, inasubiri ufunge ile alama ya ng'. Bonyeza Ctrl+C, kisha weka maelezo ndani ya alama za kunukuu mbili:

```
task add project:miti.shamba "Kung'oa visiki"
```

Siku nazo hazijui Kiswahili. `due:ijumaa` itakataliwa kuwa si tarehe halali. Andika `due:friday`, au `due:tomorrow` kwa kesho. Na ukiweka saa, saa tatu asubuhi ni `T09:00`, kwa mfano `due:2026-11-20T09:00`. Ukiandika T03:00, umempangia dereva wa Fuso saa tisa usiku.

Mtego mbaya zaidi ni namba. Si za kudumu: ukifunga kazi kisha ukafungua orodha, zilizobaki zinapangwa upya. Anayenakili namba kwenye daftari asubuhi na kuzitumia jioni atafunga kazi isiyo yake. Tazama orodha kwanza, ndipo uandike `done`. Ukiteleza, `task undo` inarudisha hatua moja. Utegemezi hauvurugiki, kwa sababu ndani unahifadhiwa kwa kitambulisho kirefu kisichobadilika.

Tena, kinachochagua kazi hutangulia amri na badiliko hufuata: `task 3 modify due:friday`. Ukianza na `task modify`, itakuonya kuwa unakaribia kubadili kazi zote. Jibu `no`.

Sehemu ya gharama haimo, lakini unaiongeza mwenyewe kwa `uda`, yaani sehemu anayoibuni mtumiaji:

```
task config uda.gharama.type numeric
task config uda.gharama.label Gharama
task 3 modify gharama:750000
```

Hapo tumechukulia mche shilingi 300. Andika tarakimu bila mkato. Jumla unaipata kwa programu ndogo ya `jq`:

```
task project:miti status.not:deleted export | jq '[.[].gharama // 0] | add'
```

Usiache `status.not:deleted`, la sivyo ulizofuta nazo zitahesabiwa.

Msimamizi asiye na kompyuta mpe karatasi: `task project:miti.shamba ready > wiki.txt`, chapa au tuma WhatsApp.

Kila Jumamosi fanya `task export > miti.json` na unakili kwenye flashi. Hasa kabla ya kusasisha mfumo: Debian 12 ina toleo la 2.6, na toleo la 3, lililotoka 2024, linahifadhi data kwa namna nyingine kabisa. Ukihama bila nakala utafungua na kukuta orodha tupu. Data ya zamani bado ipo kwenye folda yake, ila toleo jipya halikuisoma. Mwenye nakala anaandika `task import miti.json` na kuendelea.